Miungu Waliojua Watakufa: Safari ya Aisilandi

Dini ya kale ya watu wa Skandinavia haikuwa na mtume, wala kitabu, wala tamko la imani la kukariri. Walioifuata hawakuwa hata na jina la kuiita. Kwao ilikuwa desturi tu, na Ukristo ulipowabishia hodi ndipo walipoanza kuiita desturi ya kale. Ni vigumu kuieleza kwa kupanga mafundisho yake moja baada ya jingine. Afadhali kuifuata mahali ilipoishi: mlimani, barazani, kaburini na mezani. Kwa kazi hiyo nchi inayofaa kuliko zote ni Aisilandi. Kisiwa hicho kilianza kukaliwa miaka ya 870, wahamiaji walipotoka Norwei na visiwa vya Uingereza. Wazao wao wakaandika habari za wazee hao, na mashamba waliyoyataja bado yapo, mengi kwa majina yaleyale.

Safari inayosimuliwa hapa ilifanywa wakati wa kiangazi, msimu ambao jua la huko huzama kidogo tu na mtu huweza kusoma gazeti nje usiku wa manane. Ilianzia Reykjavík, ikapita magharibi, ikaishia kaskazini. Swali lilikuwa moja njia nzima: watu walioamini kwamba hata miungu wao watakufa walipata wapi sababu ya kuishi vizuri? Msomaji atakayekutana na herufi za huko asishtuke: Þ hutamkwa kama th ya thelathini, na ð kama dh ya dhahabu.

Reykjavík

Katika Makumbusho ya Taifa, ndani ya kabati la kioo, ameketi mzee wa shaba asiyefika urefu wa kidole. Kimo chake ni sentimita 6.7. Amevaa kofia yenye ncha, macho yamemtoka, na kwa mikono miwili ameshika kitu kilichoota kutoka kwenye ndevu zake na kuteremka mpaka magotini. Wataalamu wengi husema ni nyundo, na kwamba mzee huyo ni Thor, mungu wa radi. Alipatikana karne ya 19 karibu na mji wa Akureyri, na alitengenezwa karibu na mwaka 1000, yaani wakati uleule watu wa kisiwa hicho walipokuwa wakibadili dini. Kitu alichoshika kina umbo linalokaribia msalaba pia, na huenda fundi hakutaka kumuudhi mteja wa upande wowote.

Thor ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mkulima na mvuvi. Odin alikuwa mungu wa wafalme, washairi na wafu, mjanja asiyeaminika sana. Thor alikuwa mlinzi wa boma. Watu walivaa nyundo yake shingoni kama hirizi na kuwapa watoto majina yenye jina lake ndani: Þorsteinn, Þórdís, Þorgeir. Hadi leo orodha ya wanafunzi wa shule yoyote Aisilandi imejaa majina hayo.

Hati iliyohifadhi mashairi ya miungu iko katika jiji hilohilo, ndani ya jumba linaloitwa Edda lililofunguliwa mwaka 2023. Ni kitabu kidogo cha ngozi ya ndama, chenye kurasa za rangi ya chai, karatasi 45 zilizosalia, kilichoandikwa karibu na mwaka 1270. Askofu mmoja wa Skálholt alikipata mwaka 1643 na baadaye kikapelekwa kwa mfalme wa Denmark. Kiliporudishwa kwa meli ya kivita mwaka 1971, umati ulijaa bandarini kukipokea.

Ndani yake mna kisa cha ulimwengu tangu mwanzo hadi mwisho. Dunia iliumbwa kwa mwili wa jitu lililouawa: nyama ikawa ardhi, damu ikawa bahari, fuvu likawa mbingu. Katikati umesimama mti mkubwa, Yggdrasil, na chini yake wamo wanawake watatu wanaopanga majaliwa ya kila kiumbe. Mti wenyewe unaoza ubavuni na kutafunwa mizizi. Siku ya mwisho mbwamwitu atammeza Odin, Thor atamuua nyoka wa baharini kisha ataanguka kwa sumu yake, na dunia itazama kabla ya kuibuka tena ikiwa kijani. Odin anayajua hayo yote, naye anaendelea kukusanya askari kwa vita atakayoshindwa. Imani hiyo haikumwahidi mtu kwamba mema yatashinda. Ilimwambia kwamba kushindwa si sababu ya kuacha zamu.

Chakula cha jioni kilikuwa samaki mkavu, mgumu kama ubao, anayepasuliwa kwa vidole na kupakwa siagi. Ndicho chakula kilichowavusha watu hao baharini, na ladha yake humjia mlaji polepole.

Þingvellir

Mashariki ya jiji ardhi imepasuka. Mabamba mawili ya dunia, la Amerika na la Ulaya na Asia, yanaachana hapo kwa takriban sentimita 2 kwa mwaka, na kati yake umebaki uwanda mpana wenye nyasi, mto, na ukuta wa jiwe jeusi wa volkano upande wa magharibi. Chini ya ukuta huo, tangu mwaka 930, watu huru wa kisiwa kizima walikutana kila kiangazi kwa baraza lao, Alþingi. Sauti ya msemaji hugonga mwamba na kurudi uwandani. Mtu akisimama kwenye Lögberg, jabali la sheria, anaelewa kwa nini walipachagua.

Mkuu wa baraza aliitwa msema-sheria. Kazi yake ilikuwa kutamka kwa kichwa theluthi moja ya sheria zote kila mwaka, hata zikamalizika kwa miaka mitatu. Chini yake walikuwepo machifu walioitwa goði, na hapa ndipo dini na baraza vinaposhikana: mtu huyohuyo aliyesimamia tambiko nyumbani ndiye aliyesimamia kesi uwandani. Kiapo kiliapwa kwa pete iliyochovywa damu ya mnyama wa tambiko. Kuvunja ahadi hakukuwa kosa dhidi ya jirani pekee. Kulitikisa mpango uliowashika watu, mifugo, ardhi na miungu pamoja.

Sheria moja ya zamani inaonyesha vizuri jinsi walivyowaza. Meli iliyokaribia kisiwa ilipaswa kuondoa kichwa cha joka kilichochongwa kwenye omo kabla ya kuona nchi kavu, ili mizimu ya mahali isiogope. Watu wanaosifika duniani kwa ukatili wa baharini waliingia nyumbani kwao kwa adabu.

Mwaka 999 au 1000 baraza hilo lilikaribia kuvunjika. Wakristo na wafuasi wa desturi ya kale walisimama mbele ya jabali na kila upande ukatangaza kwamba hauko tena chini ya sheria moja na mwenzake. Uamuzi ukaachiwa msema-sheria Þorgeir, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Alilala chini, akajifunika joho lake, akakaa kimya mchana uliobaki na usiku kucha. Asubuhi aliwaambia kwamba wakiigawa sheria wataigawa na amani. Kisha akaamua watu wote wabatizwe. Akaacha nafasi tatu: watoto wachanga wangeweza kuendelea kutupwa nje kama ilivyokuwa, nyama ya farasi ingeliwa, na atakaye kutambika angetambika kwa siri, mradi asionwe na mashahidi. Baada ya miaka michache ruhusa hizo ziliondolewa.

Wanaoshangaa dini ya mababu kuachwa kwa kura ya mtu mmoja wanasahau mahali ilipokuwa na mizizi. Ilikuwa imeshikamana na sheria na umoja wa watu. Umoja ulipotaka jambo jingine, dini ikafuata. Asiyeupenda Ukristo alibatizwa kwa sababu ileile iliyomfanya babu yake atambike.

Reykholt

Kituo kilichofuata hakihitaji muda mrefu. Reykholt ni kijiji chenye kanisa, maktaba na kidimbwi cha duara kilichojengwa kwa mawe, ambamo maji ya moto hutiririka kutoka chemchemi ya jirani. Humo alioga Snorri Sturluson, chifu, mwanasheria na Mkristo, ambaye karibu na mwaka 1220 aliandika kitabu cha kuwafundisha washairi vijana hadithi za miungu ili wasipoteze mafumbo ya kazi yao. Aliuawa hapohapo mwaka 1241, baada ya kukosana na mfalme wa Norwei.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu miungu hao imepitia mkononi mwa mtu huyo, karne mbili baada ya ubatizo, na Snorri alipenda mambo yaliyopangika. Ndiye aliyeifanya Valhalla, ukumbi wa Odin, ing'ae kiasi kwamba watu wa leo hudhani kila mfu wa Skandinavia alitarajia kwenda huko. Waliokwenda huko ni waliokufa vitani, tena nusu yao tu. Nusu nyingine ilikuwa haki ya Freyja, mungu wa kike. Waliokufa kwa ugonjwa au uzee walikwenda kwa Hel, mahali pa baridi pasipo moto wa kuunguza. Na wengine, kama safari ilivyoonyesha baadaye, hawakwenda mbali kabisa.

Borg

Kwenye mdomo wa Borgarfjörður bahari huingia ndani ya nchi kwa mkono mpana wa kijivu, na upepo wake haupumziki. Shamba la Borg limekaa chini ya mwamba, likiwa na kanisa dogo na sanamu ya kisasa ya Ásmundur Sveinsson, iliyopewa jina la shairi lililotungwa hapo: Sonatorrek, maombolezo ya wana.

Jinsi shamba lilivyochaguliwa ni habari yenyewe. Mzee Kveldúlfr alifia baharini akihama kutoka Norwei. Alikuwa ameusia kwamba jeneza lake litupwe majini, na mwanawe Skallagrímr ajenge karibu na mahali litakapofikia. Lilifika pwani hiyo, na familia ikakaa. Mfu ndiye aliyewaonyesha walio hai pa kuishi.

Mjukuu wake, Egill, alikuwa mtu wa kutisha: mpiganaji, mchoyo, mlevi, na mshairi mkubwa kuliko wote wa zama zake. Alikwisha kumzika mwana mmoja aliyekufa kwa maradhi. Kisha mwingine aliyempenda zaidi, Böðvarr, alizama katika mkono huo wa bahari akileta mbao nyumbani. Egill alimwokota ufukweni, akampakata juu ya farasi, akafungua kilima cha kaburi cha Skallagrímr na kumlaza mtoto kando ya babu yake. Kilima hicho kinaonyeshwa bado, ndani ya bustani ya mji wa Borgarnes, watoto wakicheza karibu yake. Alipofika nyumbani alijifungia katika chumba chake cha kulala, hakula, hakunywa, akingoja kufa.

Mkewe akatuma mtu amwite binti yao Þorgerðr. Alipofika, mama akamwuliza kama amekula. Þorgerðr akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani kwamba hajala na hatakula mpaka afike kwa Freyja. Hataki kuishi baada ya baba na kaka. Egill akamfungulia. Wakalala kila mmoja kitandani pake. Baada ya muda baba akasikia binti anatafuna kitu, akauliza ni nini. Ni mwani, akaambiwa, unaharakisha kifo. Naye akaomba. Mwani wa huko, söl, huuzwa hata leo madukani, umekauka, mwekundu wa zambarau, mara nyingine una chembe nyeupe za chumvi juu yake. Mtu akitafuna kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja, ulimi hukauka kabla hajamaliza. Egill akapatwa na kiu, wakaomba maji, na pembe iliyoletwa ilikuwa imejaa maziwa. Alipokunywa funda kubwa ndipo Þorgerðr aliposema kwamba wamehadaiwa. Basi, akaendelea, kwa kuwa mpango wetu umevunjika, baba atunge shairi la kumwomboleza Böðvarr, nami nitalichonga kwenye kijiti; halafu tutakufa tukitaka.

Katika shairi hilo Egill anagombana na Odin. Anamwambia, kwa ufupi, kwamba walikuwa marafiki na urafiki umevunjwa. Kwamba kama bahari ingekuwa mtu angeipiga vita. Kwamba hatambiki tena kwa moyo wa kupenda. Kisha anakiri kwamba mungu huyo alimpa fidia: kipaji cha maneno. Masimulizi yanasema kadiri shairi lilivyoendelea ndivyo nguvu zilivyomrudia, na lilipokwisha alitoka akaketi kwenye kiti chake cha enzi.

Ukitafutwa ushahidi mmoja wa jinsi dini hiyo ilivyowapa watu sababu ya kuishi, huu unatosha kuliko Valhalla yote. Hakuna anayemwambia Egill kwamba mwanawe yuko mahali pema. Kulikuwa na mungu wa kulaumiwa usoni bila kuogopa laana, kulikuwa na ukoo uliostahili kuombolezewa kwa kanuni, na kulikuwa na sifa, yaani neno linalobaki midomoni mwa watu baada ya mwili kuoza. Mashairi ya hekima ya zama hizo yanarudia wazo hilo: mali hufa, jamaa hufa, na mwenyewe atakufa, kisichokufa ni hukumu ya watu juu ya maisha ya mtu. Mwenye kuamini hivyo ana sababu nzito ya kujiangalia leo.

Helgafell

Kwenye rasi ya Snæfellsnes, karibu na mji wa Stykkishólmur, kuna kilima cha meta 73 tu. Mtu aliyezoea milima halisi angekipita bila kugeuza shingo. Lakini jina lake maana yake ni mlima mtakatifu, na aliyelitoa ni Þórólfr, mfuasi wa Thor aliyehama kutoka kisiwa cha Moster huko Norwei.

Þórólfr alibomoa hekalu lake, akapakia mbao zake pamoja na udongo uliokuwa chini ya kiti cha Thor. Alipoiona Aisilandi alitupa baharini nguzo za kiti chake kikuu, moja ikiwa imechongwa sura ya mungu huyo, akaahidi kukaa zitakapoelea. Zilikwama kwenye ncha ya rasi, ikaitwa Þórsnes. Alikitukuza kilima kiasi kwamba hapana aliyeruhusiwa kukitazama kabla ya kunawa uso, wala kiumbe chochote kuuawa hapo, awe mtu au mnyama. Aliamini kwamba yeye na jamaa zake watakapokufa wataingia ndani yake.

Miaka mingi baadaye mwanawe Þorsteinn alikwenda kuvua. Jioni hiyo, kabla habari zozote hazijafika, mchungaji aliona kilima kimefunguka upande wa kaskazini, ndani kuna mioto mikubwa, kelele za karamu na pembe za vinywaji. Akasikia wakimkaribisha Þorsteinn na wenzake, wakimwelekeza aketi mkabala na baba yake. Asubuhi zikaja habari kwamba wamezama. Mke hakufurahi, lakini alijua mumewe yuko wapi: mlangoni pakifunguliwa, kilima hicho kinaonekana.

Þórólfr aliutukuza pia uwanja wa baraza uliokuwa karibu, akakataza mtu kujisaidia hapo. Haja ziendewe kwenye mwamba mmoja baharini, ambao jina lake halihitaji kutafsiriwa mbele ya wageni. Baada ya kufa kwake ukoo mwingine ulichoka kulowesha miguu na kutangaza kwamba utajisaidia popote. Vita ikapiganwa kwa jambo hilo, watu wakafa, na kwa kuwa damu ya chuki ilimwagika juu ya nyasi, uwanja ulihesabiwa umenajisika na baraza likahamishwa. Kisa kinachekesha, na pengine kilikuwa kinachekesha hata zama hizo. Kinachoonekana humo ni kwamba utakatifu ulikuwa wa kipande cha ardhi kinachopimika, wenye mipaka na adabu zake, na watu walikuwa tayari kuufia.

Siku hizi wageni hupanda Helgafell wakianzia kwenye kaburi linalosemwa kuwa la Guðrún Ósvífursdóttir, mwanamke maarufu wa masimulizi ya kale. Sharti ni kutosema neno wala kutazama nyuma mpaka kileleni, na atakayelitimiza hupata maombi matatu. Desturi hiyo imechanganyika na za watawa waliokuwa na nyumba yao hapo tangu mwaka 1184. Kondoo walikuwa wamelala katikati ya njia, na kuwapita bila kuwafukuza kwa sauti ni kazi.

Mývatn

Kaskazini, ziwa Mývatn limezungukwa na ardhi inayotoa moshi. Wenyeji huzika unga wa mkate wa rai ndani ya udongo huo wa moto na kuuacha kwa siku nzima. Hutoka mweusi, mtamu, unyevunyevu. Huliwa na samaki wa ziwani aliyekaushwa kwa moshi wa samadi ya kondoo, kwa kuwa miti ya kuni ni michache.

Si mbali na ziwa, mahali paitwapo Hofstaðir, wachimbuzi walifukua jumba la karne ya 10 lenye urefu wa meta 38, kubwa kupita mahitaji ya familia moja. Walikuta mafuvu zaidi ya 20 ya ng'ombe, wengi wao madume, yakiwa na alama za kifo cha namna moja: pigo katikati ya macho na shoka shingoni, kwa pamoja, ili damu iruke juu. Yalivyochakaa kwa jua na mvua yalionyesha kwamba yalikuwa yametundikwa nje ya jumba kwa miaka.

Tambiko hilo, blót, halikuwa la kutisha kwa waliohudhuria, lilikuwa karamu. Nyama ilipikwa ikaliwa na wote, pembe zikazungushwa, watu wakanywa kwa Odin wakiomba ushindi na kwa Njörðr na Freyr wakiomba mavuno na amani. Katika nchi ambayo majira mabaya mawili mfululizo yangeweza kumaliza zizi, mwenye ng'ombe aliyemchinja dume wake bora na kuwalisha majirani alikuwa ameweka akiba kwa miungu na kwa watu kwa mkono mmoja.

Goðafoss

Magharibi ya Mývatn mto Skjálfandafljót huanguka meta 12 kwa maporomoko yaliyopinda nusu duara. Kila kibao cha watalii hueleza kwamba Þorgeir, aliporudi nyumbani kutoka Þingvellir, alizitupa hapo sanamu za miungu wake. Shamba lake la Ljósavatn kweli liko jirani. Ila Ari Þorgilsson, aliyeandika habari za ubatizo huo kati ya 1122 na 1133 akizipata kwa watu waliozisikia kwa wazee wao, hana sanamu wala maporomoko. Kisa hicho kilienea karne ya 19, zama zilizopenda kila mwisho uwe na tamasha. Þorgeir wa Ari ni mtu anayeokoa sheria, naye anafanana zaidi na dini aliyokulia ndani yake.

Nyama ya farasi, iliyopigwa marufuku baada ya ubatizo, imerudi mezani na huuzwa madukani. Miungu nao walirudi kwa njia ya serikali: mwaka 1972 mkulima na mshairi Sveinbjörn Beinteinsson pamoja na wenzake wachache waliunda jumuiya iitwayo Ásatrúarfélagið, ikasajiliwa mwaka uliofuata. Leo ina wanachama zaidi ya 5,000, na viongozi wake, wanaoitwa goði kama zamani, wana haki kisheria ya kufungisha ndoa na kuzika wafu.